Wasiokuwa Thomas

Jioni hii nimekuja na maneno ambayo huenda baadhi yenu mkayaona ni ya kitoto, nayo kweli ni ya kitoto, kwa kuwa yanahusu vitabu vidogo, vya kuenea kiganjani, vilivyoandikwa Uingereza na kasisi mmoja kwa ajili ya watoto wasiokwisha kujua kusoma. Lakini mtu akivirudia utu uzimani, akaacha kumkodolea macho yule aliyesimama mbele ya picha na akawatazama waliosimama nyuma yake, atakuta mle mambo ambayo hakuyatarajia, na mengine si mepesi.

Lugha yetu imenifungulia njia kabla sijaanza. Sisi, mtambo ule wa chuma unaovuta mabehewa, tumeuita kichwa, kichwa cha treni, bila ya kudhamiria kwamba una macho wala mdomo. Kasisi Wilbert Awdry akakipa kichwa kile uso, na hapo ndipo sarufi yetu inapoingia katika taabu, tena taabu tamu: maana kichwa ambacho jana tulisema kimefika, leo kikiisha kupewa uso na jina hatuna budi kusema amefika, na aliyekuwa chombo cha kutiwa makaa amekuwa mtu wa kuamkiwa. Kati ya kimefika na amefika kuna kizingiti chembamba, na juu ya kizingiti hicho wamesimama wale ninaotaka kuwataja leo, yaani vichwa wadogo wa hadithi zile, waliopewa ukurasa mmoja au miwili kisha wakaondoka. Thomas simtaji zaidi ya hapa. Yeye ana wasemaji wengi, na tangu alipoingia katika televisheni mwaka 1984 hana haja ya kutangazwa na mimi.

Awdry alizaliwa mwaka 1911 katika kijiji cha Ampfield, kusini mwa Uingereza, mwana wa kasisi mwingine aliyependa reli mno. Baadaye familia ilihamia Box, katika jimbo la Wiltshire, karibu na njia kuu ya Great Western, mahali ambapo treni za mizigo hupanda mwinuko wa kuchosha kuelekea handaki la Box. Usiku, akiwa kitandani, mtoto yule alisikia kichwa cha mbele kikihema kwa taabu, na nyuma kabisa ya mabehewa akasikia kichwa cha pili, kilichowekwa kusukuma, kikihema kwa sauti yake mbalimbali na ile, hata akilini mwake pumzi zile mbili zikageuka maneno, wa mbele akilalama kwamba mzigo umemshinda na wa nyuma akimjibu kwamba wataufikisha. Naomba mlishike hili, kwa kuwa kichwa kile cha nyuma hakikutajwa katika ratiba yoyote, wala hapana aliyekuja stesheni kukipungia mkono. Kazi yake ilikuwa kusukuma mpaka juu, kisha kushuka peke yake kungoja treni nyingine. Na pamoja na hayo ndicho kilichokuwa mmoja wa wasemaji wawili wa mwanzo aliopata kuwasikia mwandishi huyu maishani mwake.

Katika miaka ya Vita Vikuu vya Pili mwanawe mdogo, Christopher, alishikwa na surua, na baba akamkalia kitandani akimsimulia habari za vichwa vya treni ili asahau kuwashwa. Mtoto, kama ilivyo ada ya watoto, hakukubali mambo yabadilike: jana kichwa fulani kilikuwa hivi, kwa nini leo ni vile? Baba ikambidi aandike. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1945, kikachapishwa na Edmund Ward wa mji wa Leicester, nacho hakina Thomas hata mara moja, kwa kuwa Thomas alikuja mwaka uliofuata. Kutoka hapo hadi mwaka 1972 Awdry aliandika vitabu 26, na kisha mwanawe, yule yule mgonjwa wa surua, akaendeleza kazi.

Fungueni basi kitabu kile cha kwanza. Hadithi inaanza bandani, ambamo Edward, mdogo na mnyonge, amekaa siku nyingi bila ya kazi, na kando yake wamo wenziwe wakubwa wanaomsimanga kwamba dereva hatamchagua tena, kwa kuwa anataka wenye nguvu kama wao. Wakubwa hao hawana majina. Wamepewa uso, wamepewa ulimi, tena ulimi mkali, lakini jina wamenyimwa. Na Edward anapotolewa kazini siku ile, wao wanabaki bandani wakinuna. Kwa fikira yangu hii ni hukumu ya kimya aliyoipitisha mwandishi, pengine bila ya kukusudia: ghururi haikupewa jina, unyonge ukapewa.

Asiye na jina ninayempenda zaidi ni yule aliyekuja katika kitabu cha mwaka 1957 kiitwacho The Eight Famous Engines. Huyu ni mgeni, kichwa kutoka reli nyingine ya bara, aliyelala usiku mmoja katika banda la kisiwa cha kubuni ambako hadithi hizi hutokea, na mazungumzo yakafika London. Gordon, mkubwa wa pale na mwenye majivuno yake, akasema kwa yakini kwamba stesheni ya London ni King's Cross. Mgeni akasema sivyo, ni Euston. Duck, aliyekulia katika reli ya Great Western, akawashangaa wote wawili, kwani yeye mwenyewe alifanya kazi Paddington. Basi pakawa na ugomvi. Kwa asiyejua historia ya reli za Uingereza, huu ni upuuzi wa watoto watatu. Lakini anayejua anacheka kwa kina, kwa kuwa kabla ya serikali kuzitwaa reli zote mwaka 1948, kila kampuni ilikuwa na lango lake la kuingilia mji ule, na kila mfanyakazi aliijua London kwa lango la kampuni yake, hivyo kila mmoja wa wale watatu alikuwa anasema kweli na kila mmoja alikuwa amekosea. Gordon akaomba aende ajionee. Alipelekwa, akarudi kimya na huzuni, na alipoulizwa akasema London ameiona, ila stesheni yake si hiyo wala hiyo: ni St Pancras. Mgeni yule hakutajwa tena. Alikuja, akatia neno moja, akaacha nyumba nzima imetibuka, kama afanyavyo mgeni yeyote anayejua kazi yake.

Yafaa niseme kitu mintarafu ya kisiwa chenyewe. Kipo Kisiwa cha Man katika Bahari ya Ireland, na ipo dayosisi ya kanisa iitwayo Sodor and Man. Awdry alipoona kwamba Man ipo na Sodor haipo, akaijenga mwenyewe, akaitia baina ya Man na pwani ya Cumbria, akaipa milima, bandari, historia na hata lugha. Lakini matukio hakuyabuni kwa urahisi namna hiyo. Alikuwa mtu wa kushika dhamana: aghalabu jambo linalompata kichwa katika hadithi zake liliwahi kutokea mahali fulani, katika reli ya kweli, naye alilipata katika majarida ya reli au vinywani mwa wafanyakazi. Mwaka 1952 alikwenda Tywyn, Wales, kujitolea kuwa gadi katika reli ndogo ya Talyllyn, iliyookolewa na wapenzi wake mwaka mmoja au miwili kabla ya hapo, na siku moja akapepea bendera yake treni ikaondoka ikimwacha mama muuza chai stesheni. Aibu ile akaigeuza hadithi, akambebesha kichwa mmoja mdogo aitwaye Peter Sam. Sijui kama ni haki kumtwika mwingine kosa lako, lakini waandishi wote tumo katika dhambi hiyo.

Sasa nafika penye uzito. Mwaka 1964 Awdry alitoa kitabu cha vichwa vya mlimani, na ndani yake mzee Culdee anawasimulia wenziwe habari za mmoja aliyeitwa Godred, nambari 1 wa reli yao, ambaye kwa kiburi cha kuwa wa kwanza aliacha kuangalia njia, akidhani breki zake zitamwokoa wakati wowote. Siku moja meno yake yakaachana na reli ya meno, akapinduka, akaporomoka bondeni. Fedha ya kumtengeneza haikupatikana. Basi akawekwa nyuma ya banda, na kila mwenziwe alipoharibikiwa na kiungo, kiungo kilitolewa kwa Godred, leo hiki na kesho kile, mpaka ikawa Godred hayupo. Mimi nimesoma hadithi nyingi za kutisha zilizoandikwa kwa ajili ya watu wazima, na chache zimenikaa kifuani kama hii. Kwa kuwa tazameni ilivyo: wanaosikiliza hadithi ile wanaweza kuwa wanatembea na vipande vyake.

Na jambo hili lilitokea. Tarehe 6 Aprili 1896, siku ile ile ya kufunguliwa kwa reli ya mlima Snowdon huko Wales, kichwa nambari 1 kiitwacho Ladas, kikiwa kinashuka, kiliachia reli yake ya meno. Dereva na mchochea moto wakaruka, kichwa kikaanguka mlimani, mabehewa yakasimamishwa na breki zake yenyewe. Abiria mmoja aliruka kwa hofu, akaumia, akafa. Awdry alikichukua kisa, akamwacha maiti nje ya kitabu, jambo ambalo mtu hawezi kumlaumu kwalo. Lakini mauti yenyewe hakuyaacha, aliyahamisha kutoka kwa binadamu akayatia katika chuma, na katika chuma hicho hakumchagua mmoja wa mashujaa wake, alimchagua ambaye msomaji hakumjua jana na hatamwona kesho.

Hapa ndipo ninapotaka kuweka kidole. Henry, mmoja wa vichwa wakubwa wa hadithi zile, aligongana na treni nyingine kitabuni, katika hadithi yenye mizizi yake katika ajali ya Abbots Ripton ya Januari 1876, ambapo theluji iligandisha ishara za njiani. Lakini Henry alipelekwa kiwandani Crewe, akatengenezwa, akarudi mzuri kuliko alivyokwenda. James aliharibika, akatengenezwa. Wakubwa hupona, ni sharti wapone, maana mtoto atawauliza kesho usiku. Hivyo mwandishi mkweli, anayejua kwamba chuma huchoka na fedha huisha, analazimika kutafuta mahali pengine pa kuuweka ukweli huo, na mahali pekee palipobaki ni mgongoni mwa wadogo.

Mwangalieni nambari 2 katika kitabu cha mwaka 1970, Duke the Lost Engine. Kijana wa kukimbia ovyo, aliyezoea kutoka relini, akimcheka mzee Duke anapomwonya. Meneja hakumfukuza, hakumuuza: alimtoa magurudumu, akamweka nyuma ya banda, akamfanya pampu. Hapo sarufi ile niliyoianza inarudi nyuma kwa ukatili: aliyekuwa anakwenda sasa kinafanya kazi, na vijana wanaoonyeshwa adhabu ile hawaonyeshwi mtu, wanaonyeshwa kitu. Wako wazazi wanaosema Awdry alikuwa mkali kupita kiasi, na kwa habari ya nambari 2 nakubaliana nao, kwa sababu kosa lake lilikuwa la ujana na adhabu yake ilikuwa ya milele. Lakini sikubali kwamba alizua. Vichwa vizee vilivyokatwa miguu na kufanywa mitambo ya kutoa mvuke vilikuwa vingi katika viwanda vya zama zile, na mtoto aliyepita kiwandani angeweza kuviona.

Yafaa pia tuikumbuke miaka yenyewe. Mwaka 1955 reli za Uingereza zilitangaza mpango wa kuachana na mvuke. Mwaka 1960 kilitoka Swindon kichwa cha mvuke cha mwisho kuundiwa reli hizo, kikaitwa Evening Star. Na Agosti 1968 safari za kawaida za mvuke zikakoma. Katika miaka michache maelfu ya vichwa yalipelekwa kukatwa. Kwa hiyo Awdry, aliyekuwa akiandika kitabu karibu kila mwaka, alikuwa akiwasimulia watoto habari za viumbe waliokuwa wakiuawa nje ya dirisha, na vitabu vyake vya miaka hiyo vimejaa wakimbizi. Mwaka 1960 wanakuja mapacha wa Kiskoti, Donald na Douglas: aliagizwa mmoja, wakafika wawili, nambari zao zote mbili zimepotea njiani kwa namna ya kutia shaka, ili asijulikane nani arudishwe kwenda kufa. Kule kukosa alama, ambako kwa wale wa bandani mwaka 1945 kulikuwa hizaya, kwa hawa kumekuwa kinga. Mwaka 1968 wenyewe anatokea Oliver, aliyetoroka na watu wake kutoka bara kwa usiku na usiku, amejificha, makaa yamemwishia, na Douglas anamkuta hali mvuke wake unakaribia kuzimika. Akamkokota mpaka nyumbani. Baadaye Oliver alipewa hadithi zake mwenyewe, hata majivuno akapata. Lakini ukurasa ule wa kwanza, alipokuwa si kitu ila sauti dhaifu gizani, ndio bora kuliko yote aliyoandikiwa.

Na huko nje wakimbizi wa kweli walikuwepo. Katika bandari ya Barry, Wales, mnunuzi mmoja wa chuma chakavu alianza na kukata mabehewa, kwa kuwa yalikuwa kazi nyepesi, akiviacha vichwa vikipata kutu katika upepo wa bahari. Na kwa sababu hiyo tu wapenzi wa reli wakapata muda wa kuchanga fedha na kuvinunua kimoja kimoja, hata jumla ya vichwa 213 vikaondoka pale vizima, vingine vikiwa leo vinavuta abiria. Hakuna aliyeviteua vile kwa ubora wake. Viliokoka kwa kuwa zamu yao haikufika.

Jina la kitabu kile cha mwaka 1970 lasema Duke alipotea. Basi nisimwache huko. Reli yake ilipofungwa, wenziwe vijana waliuzwa, naye hakupata mnunuzi, akafunikwa, akaachwa bandani hata udongo na majani yakalifunika banda. Wakaja makasisi kumtafuta, na mmoja wao, mnene, akakanyaga paa asijue ni paa, akatumbukia ndani, akajikuta anatazamana na Duke. Kasisi huyo mnene alikuwa mtu wa kweli, Teddy Boston, padri wa Cadeby, rafiki wa mwandishi, aliyekuwa na reli yake ndogo katika bustani ya kanisa. Na yule mwembamba aliyefuatana naye, anayeonekana mara mbili tatu katika vitabu na kusema machache, ni Awdry mwenyewe. Duke naye ana asili: ni Prince wa reli ya Ffestiniog, aliyeundwa mwaka 1863, ambaye reli yake ilifungwa mwaka 1946 na kufunguliwa tena mwaka 1955.

Mtaniuliza, wasikilizaji, kwa nini mtu wa pwani ya Afrika Mashariki ajishughulishe na haya. Sina jibu kubwa. Wajukuu hutaka kusomewa, na mimi ndiye niliyepatikana. Na mjukuu mmoja, tulipofika ukurasa wa pampu, aliniuliza kama nambari 2 bado anasikia treni zikipita. Nikamwambia nadhani anasikia. Nikafunga kitabu mapema usiku ule. Nawaomba ninyi mnaowasomea watoto, msiziruke kurasa hizo; someni polepole, na mtoto akiuliza habari za asiye na jina, msimrudishe kwa Thomas.

Limebaki moja. Huko Gloucestershire, katika reli ya Dean Forest inayoendeshwa na watu wa kujitolea, kipo kichwa cha mvuke kilichopewa jina la Wilbert, kwa heshima ya kasisi yule. Christopher alikiandika kichwa hicho katika kitabu cha 38, Wilbert the Forest Engine, akakipa uso, akamfanya mgeni aliyekuja Sodor kusaidia kwa muda kisha akarejea kwao. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1994, na kasisi mwenyewe, aliyefariki tarehe 21 Machi 1997, alikuwa angali hai.